Nimekosa jaribio la Hisabati ya Uhandisi kwa msiba wa baba mkubwa: masharti haya ya somo yasomweje?

FeziTatu aliandika:

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uhandisi wa umeme katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Sikupitia kidato cha tano na cha sita. Nilimaliza stashahada, nikafanya kazi ya ufundi umeme viwandani kwa miaka minne, ndipo nikarudi darasani nikiwa na umri wa miaka 29. Wenzangu wengi katika somo la Hisabati ya Uhandisi wametoka moja kwa moja kwenye mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na mambo ambayo kwangu ni mapya kabisa, wao wanayaita marudio.

Wiki ya kwanza mhadhiri alitugawia mwongozo wa somo wenye kurasa nne. Nakiri kwamba niliusoma kama watu wanavyosoma masharti ya laini ya simu: nilishuka hadi chini nikaweka sahihi. Sasa nimeusoma mara tatu kwa sababu ya matatizo niliyoyapata, na ningependa kusikia kutoka kwa waliopita njia hii.

Kwa mujibu wa mwongozo huo, alama za maendeleo ni 40 na mtihani wa mwisho wa muhula ni 60. Katika zile 40, kuna majaribio mawili yenye alama 15 kila moja, na mazoezi ya kila wiki yenye jumla ya alama 10. Asiyefikisha 16 kati ya 40 haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Mahudhurio yasipungue asilimia 75. Zoezi linawasilishwa Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, na likichelewa halipokelewi. Kuhusu jaribio lililokosekana, kifungu kinasema halirudiwi isipokuwa kwa ugonjwa uliothibitishwa na hospitali au kwa kifo cha "mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye", na kwamba taarifa itolewe kwa maandishi kabla ya jaribio au ndani ya saa 48 baada yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa Ijumaa ya wiki ya tano. Jumanne usiku nilipigiwa simu kwamba baba mkubwa amefariki Kiomboi. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Baba mkubwa ndiye aliyenilea, akanilipia ada, na jina lake ndilo lililo kwenye fomu zangu zote za shule kama mlezi. Jumatano asubuhi, kabla ya basi kuondoka, nilimtumia ujumbe kiongozi wa darasa letu, naye akamweleza mhadhiri kwa mdomo. Tulizika Alhamisi, tukaanua matanga Jumamosi, nikafika Dar es Salaam Jumapili usiku. Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mhadhiri. Alinipa pole, akafungua mwongozo, akanionyesha kifungu, na kusema kwa upole kwamba baba mkubwa hayumo. Kwa sasa alama yangu ni sifuri kati ya 15.

Nina maswali matatu. Kwanza, je, kuna njia yoyote ya halali ya kulizungumzia suala hili, au niache na kusonga mbele? Pili, mwongozo unasema kuhusu mazoezi kwamba "majadiliano yanaruhusiwa, kunakili hakuruhusiwi". Sisi wa kikundi chetu tunakaa watu sita kwenye ubao mmoja mpaka tupate jibu. Kazi zetu lazima zitafanana, sasa mpaka uko wapi? Tatu, zoezi la pili nilipata majibu sahihi yote matano, lakini nikapewa alama 4 kati ya 10 kwa maelezo kwamba sikuonyesha hatua. Kazini, mita ikisoma volti 400 hakuna anayeniuliza nimezipataje. Kwa nini hapa jibu sahihi halitoshi?

MwakaWaNne alijibu:

Pole sana kwa msiba, mkuu. Nitakujibu swali la kwanza tu, kwa sababu ndilo lenye moto.

Mimi ningekushauri usitumie nguvu nyingi kwenye barua. Nimeona wenzangu wakizunguka na barua kutoka ofisi hadi ofisi kwa wiki sita, na huku jaribio la pili likiwakuta hawajajiandaa. Fanya hesabu ya kilichobaki. Una alama 25 ambazo hazijaguswa, 15 za jaribio la pili na 10 za mazoezi, na unahitaji 16 ili uingie kwenye mtihani. Hiyo ni asilimia 64 ya kilichobaki, ambayo si ndogo, lakini inawezekana. Mwanafunzi anayewasilisha kila zoezi kwa wakati na kuonyesha hatua zake hakosi 8 kati ya 10. Ukiwa na 8 hizo, unahitaji 8 nyingine kati ya 15 za jaribio.

Ukiingia na 16, unahitaji 24 kati ya 60 kwenye mtihani ili ufikishe 40, ambayo ni C na pointi 2. Ukitaka B, yaani jumla ya 50, unahitaji 34. Ukitaka B+ unahitaji 44 kati ya 60, na hapo nisikudanganye, kwenye somo hili ni wachache wanaoipata hata kati ya wale waliofanya majaribio yote mawili.

Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka linawakuta ni tofauti kati ya kufeli mtihani na kukosa sifa ya kuingia kwenye mtihani. Aliyefanya mtihani akapata chini ya 40 hupewa mtihani wa marudio, ile tunayoiita sapu, na katika vyuo vingi sapu hata ukiipasua vipi utaandikiwa C. Lakini aliyezuiwa kwa sababu ya alama za maendeleo hana hata hiyo sapu. Analibeba somo hadi mwaka unaofuata, analisoma upya na wadogo zake. Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe ile 16, mengine yafuate.

Chaki_na_Ubao alijibu:

Ndugu FeziTatu, pole kwa kuondokewa na mzee wako. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi katika chuo kingine, na miongozo ya namna hii nimeandika mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa upande wa pili wa meza. Nakubaliana na hesabu za MwakaWaNne, ila ushauri wake wa kuiacha barua siukubali.

Kifungu ulichokinukuu kimeandikwa kwa lugha ambayo haikuzaliwa kwetu. "Mzazi" katika sheria za vyuo vingi maana yake ni aliyekuzaa, na aliyeandika alikuwa na sababu yake: darasa likiwa na wanafunzi 180, na kila mmoja akiwa na baba wakubwa, baba wadogo, mama wakubwa, wajomba na shangazi, mhadhiri asiye na mpaka atatunga jaribio jipya kila wiki. Lakini kwako wewe jambo halihusu baba mkubwa kwa maana ya undugu tu. Linahusu mlezi, na ulezi unathibitika kwa karatasi. Umesema mwenyewe kwamba jina lake lipo kwenye fomu zako. Hapo ndipo nguvu yako ilipo, na mhadhiri wako hana mamlaka ya kuamua hilo peke yake hata kama angependa.

Andika barua kwa mkuu wa idara, ipitie kwa mhadhiri wa somo, yaani weka ile "K.K." juu kama tulivyofundishwa shuleni, na nakala impate mshauri wa wanafunzi. Barua isizidi ukurasa mmoja. Usieleze namna ulivyohuzunika, eleza tarehe. Ambatisha barua ya mtendaji wa kijiji au kata inayothibitisha kifo na mazishi, nakala ya fomu ya shule inayomtaja marehemu kama mlezi, cheti cha kifo cha baba yako mzazi kama unacho, tiketi ya basi, na picha ya ujumbe ule uliomtumia kiongozi wa darasa Jumatano. Ujumbe huo ni muhimu kuliko unavyodhani. Wewe ulikwenda kwa mhadhiri Jumatatu, na saa 48 zilikuwa zimekwisha tangu Jumapili asubuhi. Kamati ikitaka kukukatalia, itashika hapo kabla ya kufika kwenye neno "mzazi". Ujumbe wa maandishi wenye tarehe ya siku mbili kabla ya jaribio, hata kama haukumfikia mhadhiri moja kwa moja, unaonyesha kwamba hukusubiri kuona maswali yalivyokuwa ndipo uombe udhuru.

Na uombe kitu kinachowezekana. Usiombe jaribio lirudiwe. Kutunga jaribio la pili lenye ugumu uleule ni kazi, na karatasi ya kwanza imeshasambaa kwenye madesa ya hosteli zote. Omba alama za jaribio la pili zihesabiwe kwa 30 badala ya 15. Idara nyingi hulikubali hilo kwa urahisi zaidi kwa sababu halimwongezei mtu kazi. Ujue tu kwamba ni upanga wenye makali pande zote: ukipata 6 kati ya 15, zinakuwa 12 kati ya 30, na hakuna jaribio jingine la kukuokoa.

Swali la pili, la kikundi cha watu sita. Mpaka ninaoutumia darasani kwangu ni huu: ubaoni jadilianeni mpaka mchoke, pigeni picha ya kitu chochote isipokuwa ubao, kisha kila mtu aende kwake akaandike peke yake bila karatasi ya mwenzake mbele yake. Ukikwama ulipofika chumbani, maana yake hukuelewa ubaoni, na ni heri ulijue hilo Jumapili usiku kuliko kwenye chumba cha mtihani. Kazi mbili zilizofanana kwa jibu sahihi hazinishtui, kwa kuwa jibu sahihi ni moja. Kinachonishtua ni kazi sita zenye kosa lilelile, alama ya kutoa iliyopotea kwenye mstari uleule wa nne. Watu sita hawasahau alama moja ya kutoa mahali pamoja kwa bahati.

Hili linahusu pia simu. Photomath, WolframAlpha na ChatGPT ninazijua, na sina ugomvi nazo kwa mtu anayehakiki jibu alilokwisha kulipata. Mwanafunzi anayeanza nazo lakini hugundulika bila hata kumpeleleza: zoezini ana 10 kati ya 10 wiki kumi mfululizo, jaribioni ana 3 kati ya 15. Mimi huwa namwita, namwomba atatue ubaoni swali moja kutoka kwenye zoezi lake mwenyewe, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda. Chukua integresheni ya x zidisha kwa e kipeo x, kuanzia 0 hadi 1. Kikokotoo chako, kama ni kile cha Casio cha fx-991 ambacho karibu kila mtu anacho, kitakupa jibu: 1. Jibu ni sahihi. Sasa swali hilo likiwa na alama 6, mimi nimezigawa hivi: alama 2 kwa kuchagua integresheni kwa mafungu na kutaja ni kipande kipi unakidiferenshia na kipi unakiintegresha, alama 2 kwa kufika kwenye x kwa e kipeo x, toa e kipeo x, alama 1 kwa kuweka mipaka kwa usahihi, na alama 1 kwa jibu. Aliyeandika "1" peke yake amepata alama yake moja, sikumwibia kitu. Na aliyekosea kuweka mipaka mwishoni akaandika jibu lisilo sahihi, anaondoka na 4. Mfumo huu unamlinda zaidi mtu kama wewe, anayeujua mwendo lakini anakosea hesabu ndogo kwa sababu hajazoea, kuliko kijana wa PCM mwenye mkono mwepesi.

Niongeze jambo moja ambalo mwongozo wako huenda umelitaja kwa mstari mmoja tu. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo la krediti 12 ni saa 120, na kwa muhula wa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki. Mihadhara na semina zikichukua saa 4, zimebaki saa 4 ambazo chuo kinakudai uzitumie peke yako, na kila swali la mtihani limetungwa kwa kudhani kwamba umezitumia. Mwanafunzi aliyetoka stashahada, kwa uzoefu wangu, miezi miwili ya mwanzo anahitaji kuziongeza, hasa kwa ajili ya kalkulasi. Ratiba ya saa za ushauri iliyobandikwa mlangoni kwa mhadhiri wako si pambo. Mimi kwenye saa zangu hukaa peke yangu mpaka wiki ya jaribio, ndipo foleni inapofika ngazi.

BintiBoriti alijibu:

Kaka FeziTatu, pole. Mimi ni mhandisi wa majengo, nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na nimeona nikujibu kuhusu ile mita inayosoma volti 400.

Mita inasoma kitu ambacho tayari kipo. Kazi ya mhandisi kwa kiasi kikubwa ni kusema kitu ambacho bado hakipo kitafanya nini. Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa hupinda katikati kwa kiasi cha 5wL⁴ gawanya kwa 384EI, ambapo w ni mzigo kwa kila mita, E ni ugumu wa mata ya boriti na I inatokana na umbo la mkato wake. Angalia ile L, ambayo ni urefu wa boriti, imepandishwa kipeo cha nne. Ukikosea kwa kuzidisha urefu asilimia 10 tu, kiasi cha kupinda kinazidi kwa asilimia 46. Ukiurefusha maradufu, boriti inapinda mara 16. Siku nikipeleka hesabu zangu kwa mhandisi mwandamizi azihakiki, hapokei namba ya mwisho. Anataka aone niliitoa wapi w, niliweka vipimo gani, na kama nilichanganya milimita na mita, kwa sababu jengo halijasimama na hakuna mita ya kulipima. Karatasi zile zikikaa kwenye jalada, mtu mwingine atazifungua baada ya miaka 15 akitaka kuongeza ghorofa. Hatua zako anaandikiwa yeye.

Kuhusu zoezi la Jumatatu saa nne, usiliombee huruma. Zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST, nao hufunga saa iliyoandikwa. Nimewahi kumwona mtu akiwa amebakiza kiambatisho kimoja tu, na mfumo haukumuuliza kama alikuwa na foleni ya Ubungo.

Sasa niseme mahali ninapotofautiana na Mwalimu Chaki_na_Ubao na wahadhiri kwa jumla, kwa heshima. Miongozo hii inadai mwanafunzi akariri jedwali la Laplasi na orodha nzima ya integresheni sanifu, jambo ambalo tangu nihitimu sijawahi kulihitaji hata siku moja. Ofisini jedwali liko ukutani. Sielewi kwa nini mtihani wa uhandisi usitoe ukurasa mmoja wa kanuni kwa kila mtu. Ukurasa huo ungepunguza vikaratasi vinavyokunjwa kwenye soksi kuliko msimamizi yeyote.

Jambo la mwisho, na hili nakuambia kwa sababu umesema wewe ni fundi umeme. Kikokotoo chako, nina hakika, kiko kwenye nyuzi, kwa kuwa kazini mnasoma pembe za fezi kwa nyuzi: ukinzani 3 na reaktansi 4 zinakupa 5 kwenye pembe ya nyuzi 53.13, na hiyo ni sahihi kabisa. Ukiingia kwenye kalkulasi ukiwa hujakibadilisha kwenda radiani, integresheni ya sine kuanzia 0 hadi nusu ya pai, ambayo jibu lake ni 1, itakupa 0.0215, na kikokotoo hakitakuonya. Mdogo wangu alipoteza nusu ya jaribio kwa njia hiyo.

Chaki_na_Ubao alijibu:

Mhandisi BintiBoriti, hoja ya ukurasa wa kanuni naipokea, na katika mtihani wangu jedwali la Laplasi huwa natoa. Integresheni za msingi sitoi. Mtu asiyezijua kwa kichwa hawezi kuona kwamba swali refu lililo mbele yake limebeba moja ya hizo ndani yake, na karatasi ya kanuni haimwonyeshi hilo.

Mto_Athi alijibu:

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimesoma uhandisi wa mitambo Nairobi, ambako shahada hii ni ya miaka mitano, na katika chuo changu mitihani ya kati ilikuwa na alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Nasoma hapa kwamba kwenu maendeleo ni 40. FeziTatu, hiyo ni afueni ambayo sisi hatukuipata, kwa maana kazi ya muhula mzima kwetu ilikuwa chini ya theluthi moja, na siku moja mbaya ya mtihani ilitosha kukumaliza.

Ninataka kuuliza juu ya sharti la mahudhurio, ambalo nyote mmelipita kimya kimya. Ikiwa mtu ana kazi ya usiku, na anaweza kulielewa somo kwa kusoma mwenyewe na kufaulu, kwa nini azuiwe kuufanya mtihani kwa sababu ya sahihi kwenye karatasi? Darasani kwetu karatasi hiyo ilikuwa ikitiwa sahihi na mtu mmoja kwa niaba ya watano. Mwakenya, yaani kile kikaratasi cha kuibia mtihani, kilisakwa kwa tochi, lakini udanganyifu wa mahudhurio ulikuwa ukifanyika mchana kweupe na kila mhadhiri akiujua.

Chaki_na_Ubao alijibu:

Ndugu wa Nairobi, umenishika pabaya, kwa sababu sharti hilo mimi mwenyewe silipendi. Nalisimamia kwa kuwa ni la chuo, si langu. Nitakachosema ni kwamba kwa somo lenye vipindi 60, asilimia 75 maana yake ni kwamba unaweza kukosa vipindi 15 bila kumweleza mtu yeyote sababu, na huo ni karibu mwezi mzima. Mwenye kazi ya usiku anaweza kuzipanga siku hizo. Ninaokutana nao wakiwa wamezuiwa, wengi walizitumia zote kabla ya wiki ya sita, kisha malaria ikawapata wiki ya 12 wakiwa hawana hata siku moja iliyobaki. Kuhusu sahihi za watu watano, nimeacha kupitisha karatasi. Ninatoa swali moja fupi mwishoni mwa kipindi, mtu anaandika jawabu na jina lake, na hizo ndizo sahihi zangu. Haizuii kila kitu, lakini kuandika majawabu matano kwa miandiko mitano kunachosha.

MwakaWaNne alijibu:

Mwalimu, wapo wasiochoka. Ila nimesoma maelezo yako kuhusu barua na narudisha kauli yangu kwa sehemu. Sikuwa nimefikiria kuomba jaribio la pili lihesabiwe mara mbili. Wale wenzangu niliowataja wote walikuwa wakiomba jaribio lirudiwe.

FeziTatu aliandika, siku 16 baadaye:

Shikamoo Mwalimu, na wengine wote nawashukuru. Narudi kutoa taarifa kwa sababu huwa inaudhi kusoma mjadala ambao mwenye swali alipotea.

Barua niliiandika kwa namna niliyoelekezwa. Mtendaji wa kata alinitumia uthibitisho kwa basi ndani ya siku tatu, na shule yangu ya sekondari ilikubali kupiga picha fomu ya kujiunga yenye sahihi ya marehemu. Sikuwa nimeiona sahihi hiyo tangu mwaka nilioanza kidato cha kwanza. Mhadhiri alipitisha barua siku hiyohiyo, akaandika pembeni kwa mkono kwamba kiongozi wa darasa alimpa taarifa kabla ya jaribio. Mkuu wa idara aliniita mara moja tu, akaniuliza kwa nini sikuandika ndani ya saa 48. Nilimjibu kwamba sikujua sharti hilo kwa sababu sikuusoma mwongozo, na hakufurahishwa na jibu hilo. Uamuzi umetoka jana: jaribio la pili litahesabiwa kwa alama 30. Wamenipa pia sharti kwamba udhuru mwingine wowote muhula huu, isipokuwa kulazwa hospitalini, hautasikilizwa.

Kikundi chetu tumebadilisha utaratibu. Tunafuta ubao kabla ya kuondoka, na kila mtu anaandika kwake. Zoezi la kwanza baada ya hapo nilipata 5, chini ya nilivyozoea, na zoezi lililofuata 8. Wawili kati yetu wamejitoa kwenye kikundi wakisema tunapoteza muda. Hatua sasa naziandika zote, hata zile ninazoziona za kitoto, na nimegundua kwamba pale ninapotaka kuruka mstari ndipo penye jambo ambalo sijalielewa. Mara mbili nimelipeleka ofisini kwa mhadhiri kwenye saa zake za ushauri, na mara zote mbili nilimkuta peke yake.

Dada BintiBoriti, kikokotoo kilikuwa kwenye nyuzi. Kiko hivyo tangu 2019.

Jaribio ni Ijumaa ya wiki ya 11, saa mbili kamili asubuhi. Limebeba milinganyo ya diferensheni ya daraja la kwanza na la pili pamoja na namba changamano, na hizo za mwisho kwangu ni habari njema, kwa kuwa ndizo tunazozitumia kwenye umeme kila siku, ingawa inabidi nijizuie kuandika j mahali ambapo mwalimu wa hisabati ameandika i. Nimeomba zamu ya kazi ya Alhamisi usiku ibadilishwe, na nimekubaliwa. Saa moja na nusu nitakuwa mlangoni.